Seyyid na Akida: Historia ya Ukoloni ya Jirani Inaposomwa kutoka Mombasa

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, historia ya ukoloni ya nchi jirani mara nyingi huingia darasani kwa mlango wa fasihi kabla ya kuingia kwa mlango wa historia yenyewe. Mwanafunzi wa Kenya hukutana na utawala wa Wajerumani katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), na hukutana na anguko la usultani wa Unguja katika riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Vitabu hivi vimeandikwa kwa lugha yake, na kwa hiyo huviona kuwa vyepesi kufikiwa. Wepesi huo ndio unaozaa tatizo linaloshughulikiwa hapa. Lugha inapokuwa moja, msomaji hudhani kwamba maneno nayo yamevuka mpaka yakiwa na maana zilezile.

Makala haya yanachunguza maneno mawili yaliyovuka mpaka wa Kenya na Tanzania na kubadilika maana njiani. La kwanza ni jina la Seyyid Said; la pili ni cheo cha akida. Yote mawili yana historia ndefu katika kisiwa cha Mombasa, na yote mawili yana historia nyingine kabisa kusini ya Mto Rufiji. Matini zinazolinganishwa ni mashairi ya Muyaka bin Haji na utenzi wa Al-Akida kwa upande wa Mombasa, utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wajerumani kwa upande wa Mrima, na Kinjeketile kwa upande wa bara ya kusini.

Hoja inayotetewa ni kwamba kusoma historia ya ukoloni ya jirani hakuishii katika kuongeza maarifa juu ya mateso ya watu wengine, wala katika kuthibitisha udugu ambao msomaji alikuwa nao tangu hapo. Msomaji wa Mji wa Kale anapoisoma Kinjeketile kwa makini, huwa anakubali kutazamwa na jirani yake, na katika mtazamo huo pwani haionekani kama inavyojiona yenyewe.

2.0 Mpaka, Majina na Mtalaa

Neno "jirani" linahitaji kuwekewa tarehe kabla ya kutumiwa katika uhakiki. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 ndiyo yaliyochora mstari kutoka mlango wa Mto Umba kuelekea Ziwa Viktoria, na yale ya 1890 yakaukamilisha ugawaji huo. Majina ya nchi yenyewe ni machanga zaidi. Kenya iliitwa koloni la Kenya mwaka 1920, na ni mwaka huohuo 1920 Tanganyika ilipopewa jina hilo na Waingereza. Kwa hiyo, Muyaka aliyefariki mwaka 1840 hakuwa mshairi wa Kenya, na Hemedi aliyetunga karibu na mwaka 1890 hakuwa mshairi wa Tanganyika. Mmoja alikuwa mtu wa Mvita na mwingine mtu wa Mrima.

Hali ya Mombasa ni tata zaidi kwa sababu ya ukanda wa maili kumi. Mapatano ya 1886 yaliutambua ukanda wa pwani kuwa milki ya Sultani wa Unguja. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895, waliutawala ukanda huo kwa jina lake, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus hadi mwaka 1963. Mapatano yaliyotiwa saini tarehe 8 Oktoba 1963 na Jomo Kenyatta kwa upande wa Kenya na Mohamed Shamte kwa upande wa Zanzibar ndiyo yaliyoufanya ukanda huo kuwa sehemu ya Kenya kamili. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Sultani mwenyewe alipinduliwa. Kwa zaidi ya miaka sitini, basi, mkazi wa Ndia Kuu au Kibokoni aliishi chini ya utawala wa Kiingereza katika ardhi ambayo kisheria ilikuwa ya mfalme wa ng'ambo. Anaposoma historia ya ukoloni ya Zanzibar, anasoma sehemu ya hati ya nyumba yake.

Mtalaa wa vyuo haukulitilia maanani jambo hili. Waraka maarufu wa Oktoba 1968, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo cha Nairobi, ulipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ipangwe kwa duara zinazopanuka: Kenya kwanza, kisha Afrika ya Mashariki, kisha Afrika nzima na ulimwengu. Ulikuwa waraka wa kimapinduzi na matunda yake ni makubwa. Hata hivyo, duara ya kwanza katika mpango huo ilichorwa juu ya mpaka uliorithiwa. Mwanafunzi hujifunza kwanza kilicho chake na kisha huenda kwa jirani. Kwa Mombasa, mpangilio huo unageuka kitendawili, kwa kuwa kilicho chake hakieleweki bila ya jirani. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipovunjika mwaka 1970 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kuanzia 1977 hadi 1983, mwelekeo wa kusoma ndani ya taifa ulipata nguvu zaidi.

3.0 Mvita: Seyyid Said kama Adui, Akida kama Mwasi

Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840) aliishi katika Mombasa ya akina Mazrui, ukoo uliotawala mji kwa karibu karne nzima na kukataa kuitii Maskati. Wahakiki wamezoea kusema kwamba yeye ndiye aliyelitoa shairi katika misikiti na madarasa akalileta sokoni. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake, lakini inaweza kumfanya msomaji asahau kuwa soko la Muyaka lilikuwa soko la mji ulio vitani. Mashairi yake ya kisiasa yanahusu ushindani na Lamu, ambayo iliishinda Mombasa na Pate katika vita vya Shela takriban mwaka 1813, na yanahusu tishio la Seyyid Said, ambaye Lamu ilimwita aisaidie baada ya ushindi huo. Katika miaka hiyo hiyo Mombasa ilijaribu pia kutafuta kinga kwa Waingereza. Mwaka 1824 Nahodha Owen wa meli ya Leven aliitangaza Mombasa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na serikali yake ikakataa kuuendeleza ulinzi huo mwaka 1826. Jina la Leven limebaki katika nyumba iliyo kando ya bandari ya kale. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kusafirishwa Bandar Abbas. Muyaka aliishi kuyaona hayo.

Katika matini hizi Seyyid Said ni adui mahsusi. Ni mtu anayejulikana kwa jina na kwa nasaba, mwenye merikebu na hila zake. Anaweza kupigwa vijembe kama anavyopigwa vijembe mshairi wa Lamu, kwa kuwa yeye na wapinzani wake wanashiriki dini, adabu na hata lugha ya heshima. Ugomvi ni wa utawala wa mji: ni nani akae Ngomeni. Hakuna katika ugomvi huo swali la iwapo watu wa pwani wana haki ya kutawala mtu mwingine yeyote.

Utenzi wa Al-Akida, uliotungwa na Abdallah bin Masud al-Mazrui, unaendeleza habari ya Ngome katika kizazi kilichofuata. Akida Muhammad bin Abdallah alikuwa mkuu wa askari wa Sultani ndani ya Fort Jesus. Alipoasi dhidi ya Seyyid Barghash, meli za kivita za Kiingereza ziliipiga Ngome kwa mizinga mnamo Januari 1875, na akida akasalimu amri. Miaka 20 kabla ya himaya kutangazwa, mizinga ya Kiingereza ilikuwa tayari imefyatuliwa juu ya Mombasa, na ilifyatuliwa kwa jina la mfalme wa Unguja. Mwanafunzi anayetafuta mwanzo wa ukoloni katika mwaka 1895 atakuwa amechelewa. Anayeutafuta katika historia ya Mombasa pekee hatauona vizuri, kwa sababu amri ilitoka kasri ya jirani na baruti ikatoka Uingereza.

Katika utenzi huu neno "akida" lina hadhi. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ni kiongozi wa kundi la askari. Mtu anayebeba cheo hicho anaweza kuwa mkaidi, na anaweza kulaumiwa kwa kuuletea mji balaa, lakini ni mhusika wa utenzi kwa maana kamili: ana kauli, ana uamuzi, ana anguko. Ikumbukwe pia kwamba msomaji wa leo amemfikia akida huyu kupitia mkono wa Mbarak Ali Hinawy, Liwali wa Pwani, aliyeuhariri na kuuchapisha utenzi mwaka 1950. Afisa aliyehudumu chini ya bendera ya Sultani ndiye aliyehifadhi habari za mtu aliyeiasi bendera hiyo. Uhakiki hauna budi kumshukuru Hinawy, na papo hapo kuuliza kazi kama hii ilikuwa na maana gani katika mji ambao, miaka 13 baadaye, ungeulizwa kama ni wa Sultani au ni wa Kenya.

4.0 Mrima: Umbo Moja, Vita Vingine

Utenzi wa Hemedi unajulikana kwa anwani ya Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na kila neno katika anwani hiyo linastahili kuzingatiwa. "Wadachi" ni jina la watu, si la dola. "Kutamalaki" ni kitenzi cha kumiliki. Kinaeleza tendo la kukifanya kitu kuwa milki na kukitawala, na kwa hiyo kinataja jambo ambalo nadharia za baadaye zingeliita ukoloni. "Mrima" ni pwani inayotazamana na Unguja. Kitu kinachotwaliwa katika anwani hii ni pwani, na bara haimo.

Vita vyenyewe vilianza mwaka 1888. Seyyid Khalifa alikuwa ameikodisha pwani ya kusini kwa kampuni ya Kijerumani, na mwezi wa Agosti ugomvi juu ya bendera ulizuka Pangani wakati wakala wa kampuni alipotaka bendera yake ipandishwe. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano hadi alipokamatwa na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani naye aliendelea kupigana. Kwa msomaji wa Mombasa, habari ya bendera ina mguso wa pekee. Upande wake wa mpaka bendera ya Sultani iliachwa juu na mamlaka yakaondolewa chini yake polepole. Upande wa pili bendera iliguswa na damu ikamwagika. Mbinu mbili za ukoloni zinaonekana hapa bega kwa bega, na hakuna historia ya taifa moja inayoweza kuzionyesha zote mbili kwa pamoja.

Kifani, utenzi wa Hemedi na ule wa Al-Akida ni ndugu. Mtindo wa ubeti wa mishororo minne mifupi, kina cha kituo kinachorudiwa hadi mwisho, na ufunguzi wa dua ni sifa za mapokeo yaliyojengwa na tenzi za vita vya Mtume, kuanzia ule wa Herekali wa mwaka 1728. Umbo hili lilikuwa halina mpaka. Lakini umbo lenyewe lilizoea ushindi: katika tenzi hizo waumini hushinda hata wakiwa wachache. Hemedi analazimika kulitia tukio la kushindwa ndani ya chombo kilichofinyangwa kwa ajili ya ushindi, na hapo ndipo nguvu ya kazi yake ilipo. Kadari ya Mungu inapaswa kubeba mzigo ambao katika tenzi za zamani ulibebwa na upanga wa Ali. Msomaji anayeijua tenzi ya Mombasa tu anaweza kudhani kwamba kadari ni pambo la kidini. Akiisoma ya Mrima huona kuwa ni njia ya kuieleza historia iliyokataa kufuata kanuni za utanzu.

Udugu huu wa fani, hata hivyo, haupaswi kugeuzwa kuwa udugu wa msimamo wa kisiasa. Mfano ulio wazi ni wa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi. Baada ya kuwapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896, alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wissmann, yuleyule aliyeongoza jeshi lililomwinda Abushiri. Aliishi Dar es Salaam chini ya hifadhi ya Wajerumani hadi alipofariki mwaka 1910. Shujaa wa upande mmoja wa mpaka alikuwa mgeni wa mnyongaji wa upande wa pili. Mwanafunzi anayesoma upinzani wa Kenya katika muhula mmoja na upinzani wa Tanganyika katika muhula mwingine hatawahi kuuona mkasa huu, kwa sababu umetokea katika nafasi iliyo baina ya mihula hiyo miwili.

5.0 Kinjeketile: Maneno Yanayorudi Yakiwa Mageni

Ebrahim Hussein anatahadharisha katika utangulizi wa tamthilia yake kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni zao la ubunifu na asichukuliwe kuwa sawasawa na Kinjeketile Ngwale wa historia, aliyenyongwa Agosti 1905 mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana ya pekee wakati ule. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo cha Dar es Salaam walikuwa wametumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita hivyo, na tamthilia ilitokea wakati masimulizi hayo yalikuwa bado mabichi. Chuo kilikuwa kinaiandika historia ya ukoloni, na papo hapo msanii aliyelelewa na chuo hichohicho alikuwa anauliza historia hiyo itatumiwaje.

Uhakiki mwingi umeishughulikia tamthilia hii kwa dhamira mbili: umoja wa makabila dhidi ya Mdachi, na uwezo wa neno kuishi baada ya aliyelisema. Dhamira hizo zimo, na mwisho wa tamthilia, ambapo Kinjeketile anakataa kukana maji ili vizazi vijavyo visiambiwe kuwa kupigana lilikuwa kosa, unazithibitisha. Lakini ipo sehemu moja ambayo kwa kawaida hupitiwa haraka. Kinjeketile akiwa amepagawa na Hongo anatangaza kwamba baada ya Mdachi kuondolewa watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema, anashtuka. Anatambua kwamba uhuru alioutangaza kwa kinywa chake una mtawala mwingine ndani yake, na kuanzia hapo shaka haimwachi.

Seyyid Said alikuwa amefariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita. Jina lake katika tamthilia si la mtu tena. Ni jina la utawala wa pwani, la misafara, na la biashara iliyowachukua watu wa bara hadi Kilwa na kuwavusha bahari kama bidhaa. Ndiyo maana mshtuko wa Kinjeketile una nguvu. Hashtuki kwa sababu ametajiwa mgeni asiyemjua; anashtuka kwa sababu anamjua.

Hapa ndipo usomaji wa Mombasa unapopata kazi yake halisi. Msomaji aliyelelewa na Muyaka anapokutana na jina hili, mwitiko wake wa kwanza ni kukubaliana na Kinjeketile: Mvita nayo ilimkataa Seyyid Said. Makubaliano hayo ni ya juu juu. Mvita ilimkataa Seyyid kwa sababu ilitaka kujitawala na kuyatawala mashamba na njia zake za biashara. Ngarambe ya Kinjeketile inamkataa kwa sababu ilikuwa mwisho wa njia kama hizo. Kwa macho ya mkulima wa Rufiji, tofauti baina ya Mazrui na Busaidi, ambayo ndiyo siasa yote ya mashairi ya Muyaka, haionekani. Kinachoonekana ni pwani. Na katika pwani hiyo Mombasa imo, na nyumba za mawe za Mji wa Kale zimo, na watumwa waliozihudumia wamo. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, lakini katika pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907.

Neno "akida" lina safari inayofanana na hiyo. Wajerumani walilitwaa kutoka pwani na kulifanya cheo cha utawala wa bara. Maakida wao wengi walikuwa watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika. Walikusanya kodi, waliamua kesi, na walisimamia kilimo cha lazima cha pamba. Vita vya Maji Maji vilipozuka katika vilima vya Wamatumbi mwezi wa Julai 1905, kwa kung'olewa kwa miche ya pamba, maakida walikuwa miongoni mwa walengwa wa kwanza. Tamthilia inalionyesha jambo hili kwa namna yake inapowaweka msimamizi na askari weusi baina ya Mdachi na mkulima. Hivyo neno ambalo huko Ngomeni linataja mwasi, huku Rufiji linataja mtu wa kuasiwa. Kamusi haiwezi kuionyesha tofauti hiyo, kwa maana tafsiri ya neno haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali anaposimama anayelitamka.

6.0 Hatari Mbili za Usomaji

Usomaji unaopendekezwa unakabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni hatari ya mpaka: kuzisoma kazi za jirani kama mali ya taifa lake. Kinjeketile huwa basi tamthilia ya Watanzania juu ya Wajerumani, na mwanafunzi wa Kenya huichambua kama mtazamaji aliyekaa kando, akiorodhesha dhamira na tamathali bila ya yeye mwenyewe kuguswa na swali lolote.

Ya pili ni hatari ya udugu, nayo ni ya hila zaidi kwa kuwa ina sura nzuri. Ni ile inayosema kwamba pwani ni moja, kwamba mpaka ni uzushi wa mkoloni, na kwamba Muyaka, Hemedi na Hussein ni sauti moja ya Waswahili. Mpaka ni uzushi wa mkoloni kweli, lakini migawanyiko yote haikuletwa na mkoloni. Lamu na Mombasa zilimwagiana damu Shela bila ya kuongozwa na Mzungu. Kasri ya Mwinyi Fuad inaonyesha kwamba hata ndani ya kisiwa cha Unguja neno "sisi" lilipasuka baina ya mwenye shamba na mtumishi wake. Anayetamani pwani ya kabla ya mpaka hana budi kuulizwa: angeishi katika nyumba ipi, na kwa jasho la nani?

Kuna pia ushairi ambao hatari zote mbili huukwepa. Carl Velten alichapisha Berlin mwaka 1907 mkusanyiko wa nathari na ushairi wa Waswahili, na ndani yake zimo tungo zinazousifu utawala wa Kijerumani. Kitabu cha Kala Shairi (2002), kilichohaririwa na Gudrun Miehe na wenzake, kimezirudisha tungo za enzi hiyo mbele ya watafiti. Mkabala wa kitaifa unazikataa kwa kuwa ni za vibaraka, na mkabala wa udugu unazinyamazia kwa kuwa zinaaibisha. Lakini aliyezitunga alitumia umbo lile lile la Hemedi, na pengine kwa hadhira ile ile. Zinathibitisha kwamba lugha moja na fani moja ziliweza kumtumikia anayepinga na anayesifu, na kwamba mwanafunzi hawezi kuukisia msimamo wa mtunzi kwa kuangalia vina na mizani.

Hata lugha ya kuzisomea kazi hizi ina historia ya aina hiyo. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, na Kimvita, lahaja ya mji uleule uliokaribisha mkutano, kikaachwa. Utenzi wa Hemedi uliwafikia wasomi mwaka 1955 kupitia jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, mrithi wa kamati iliyozaliwa na uamuzi huo, ukiwa umehaririwa na kutafsiriwa na J. W. T. Allen. Mwanafunzi wa Mombasa anaisoma historia ya jirani kwa lahaja ya jirani, kwa hati iliyosanifiwa na mkoloni wa wote wawili. Hilo halimzuii kusoma, ila linamtaka ajue anasoma kupitia kioo gani.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho huu umeonyesha kwamba historia ya ukoloni ya jirani haiwezi kufundishwa Mombasa kama nyongeza mwishoni mwa muhula. Mizinga ya 1875, bendera ya Pangani ya 1888, safari ya Mbaruk ya 1896 na saini za 1963 ni matukio ya historia moja iliyogawanywa katika mitalaa miwili. Kuyarudisha pamoja ni kazi ya kwanza ya idara, na kazi hiyo inahitaji matini zisomwe kwa jozi: Al-Akida pamoja na Hemedi, Muyaka pamoja na Kinjeketile.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi, na inamhusu msomaji kuliko mtalaa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliandika Paradise mwaka 1994 kwa kuifuata misafara ya pwani ikiingia bara katika mkesha wa utawala wa Kijerumani. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miongo mitano na zaidi baada ya Kinjeketile, swali lililomshtua mganga wa Ngarambe bado linaandikwa, na safari hii linaandikwa na mwana wa pwani mwenyewe. Mwanafunzi anayetoka Fort Jesus na kufuata Ndia Kuu hadi bandari ya kale hutembea kwa dakika chache mahali ambapo Seyyid alikuwa adui na akida alikuwa mwasi. Akiwa na kitabu cha jirani mkononi, atajua kwamba yapo mahali, si mbali sana kusini, ambapo majina hayo mawili yalimaanisha watu waliokuja kutoka mtaa kama huu.